Kurumbiza Aliyejibu Kutoka Ng'ambo ya Bonde

Isome mpaka mwisho ndipo umpelekee mwenzako. Siku hizi kuna watu husambaza habari kwa kusoma mistari miwili ya kwanza, na wakiulizwa ilihusu nini wanatoa macho.

Palikuwa na kijiji kimoja milimani, Mbaghai kwa jina, chini ya msitu wa Ikweni. Maji ya kijiji kizima yalitoka kwenye chemchemi moja ukingoni mwa msitu huo. Watu walikunywa hapo, ng'ombe walikunywa hapo, na mashamba ya maharage yalimwagiliwa kutoka hapo.

Ikatokea taifa likaanzisha mradi wa kuwaandika ndege wake wote. Ramani ya nchi ikagawanywa miraba, na kwa kila mraba wakatafutwa watu wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa kupanda msituni kila mwezi na kuandika kila ndege waliyemwona au kumsikia. Mshahara hakuna, posho hakuna. Ukimpata ndege unamwandika kwenye simu, na nukta ya kijani inatokea kwenye ramani ya taifa.

Mmoja wa waliojitolea Mbaghai alikuwa Mama Nakijwa Senkondo, muuguzi mstaafu. Alijinunulia darubini, akajifunza sauti za ndege moja baada ya nyingine, akawa haambiwi kitu. Majirani walimtania.

"Mama Nakijwa, kuku wako wamekukosea nini mpaka unahangaika na ndege wa watu?"

"Kuku wangu nawajua," aliwajibu. "Hao wa msituni bado sijamaliza kusalimiana nao."

Sasa, katika msitu ule aliishi ndege mmoja asiyepatikana mahali pengine: kurumbiza wa Ikweni. Ni ndege mdogo, mwenye haya, hujificha kwenye vichaka vya chini penye kiza, na huimba jua likikaribia kutoka. Kumwona ni bahati. Kwa hiyo watu wa mradi walikubaliana kwamba kwake yeye kusikia ni sawa na kuona. Ukimsikia, mwandike.

Miaka mingi ilipita bila mtu kumsikia. Wazee walianza kumtaja kama wanavyotaja marehemu. Halafu asubuhi moja kiongozi wa kikundi, Bwana Elisante Mrutu, mwalimu mkuu wa zamani, akashuka kutoka msituni akipiga kelele za furaha kwamba kamsikia. Mwezi uliofuata Ombeni, kijana wa duka la dawa, naye akamsikia. Kisha Mama Nakijwa mwenyewe akamsikia, kwa masikio yake, akarudi nyumbani analia kwa furaha hata chai ikampoa.

Nukta za kijani zikajaa kwenye mraba wa Mbaghai. Wageni wakaja kutoka mjini na kofia zao pana. Kikundi kikaletewa fulana zenye picha ya kurumbiza. Bwana Mrutu akahojiwa redioni, na tangu siku hiyo akawa hatembei bila ile fulana, hata msibani.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Subiri.

Kampuni moja ya mbao ilikuwa inautamani msitu wa Ikweni. Lakini kwa sheria ya pale, mti haukatwi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali kwa kunyoosha mikono. Mara ya kwanza kampuni ilipoomba, watu wakasita. Ndipo aliposimama afisa wa misitu, ambaye wanakijiji walimwita Bwana Misitu.

"Ndugu zangu, hofu ya nini?" alisema. "Kurumbiza ndiye daktari wa msitu huu. Msitu ukiugua, yeye huwa wa kwanza kuondoka. Na yupo! Sisemi mimi, wanasema watu wenu wenyewe, watu wa darubini. Akiwepo kurumbiza, msitu ni mzima. Ukipunguzwa kidogo hautaumia."

Watu wakawatazama watu wa darubini. Bwana Mrutu akatikisa kichwa kukubali, amevaa fulana. Mikono ikanyooshwa.

Mara ya pili kampuni ilirudi na maneno yale yale, na mikono ikanyooshwa tena. Malori yakashuka na magogo usiku na mchana. Chemchemi ikaanza kusinzia. Wanawake wakawa wanaamka alfajiri kupanga ndoo foleni, na wa mwisho wanachota tope.

Siku moja, kwenye foleni hiyo, jirani yake Naetwe alimgeukia Mama Nakijwa.

"Dada, hebu nikuulize. Huyo ndege wenu anakunywa maji gani? Maana sisi hatuna."

"Naetwe, mimi sijakata mti hata mmoja."

"Hujakata. Lakini kila tukilalamika msitu unaisha, tunaambiwa kurumbiza yupo. Nani anayesema yupo? Ninyi. Basi mnatuuza, dada, na mnatuuza bure. Hata hao kampuni hawajawapa soda."

Mama Nakijwa alirudi nyumbani na ndoo nusu na hasira tele. Kwanza alimkasirikia Naetwe. Alipofika mlangoni alikuwa anamkasirikia Bwana Misitu. Ilikuwaje kazi aliyoifanya kwa mapenzi, kwa viatu vyake mwenyewe na magoti yake mabovu, igeuzwe kuwa panga la kukatia maji ya jirani zake? Na bado hakuweza kusema kwamba ni uongo. Kurumbiza alikuwa amemsikia kwa masikio yake.

Kampuni ikaja mara ya tatu. Safari hii ilitaka sehemu ya juu kabisa, palepale chemchemi inapoanzia. Ikikatwa hiyo, Mbaghai imekwisha. Mkutano ukapangwa Jumamosi mchana, na Bwana Misitu akatoa rai ambayo kila mtu aliiona ni ya haki: asubuhi ya siku hiyo kikundi kipande msituni, kisikilize, kisha kije kiseme mbele ya wote kama kurumbiza bado yupo.

Wakapanda kungali giza. Kama kawaida yao waligawanyika pande mbili za bonde. Bwana Mrutu na wenzake, akiwemo Mama Nakijwa, wakabaki upande wa huku. Ombeni na wenzake wakavuka ng'ambo. Bwana Mrutu akajitenga kidogo, akasema anataka kusikiliza peke yake.

Haukupita muda, kurumbiza akaimba. Sauti nzuri, inapanda, inakatika, inapanda tena. Na kutoka ng'ambo ya bonde kurumbiza mwingine akajibu.

"Wawili!" mtu alinong'ona, na wengine wakashikana mikono kwa furaha.

Mama Nakijwa hakufurahi. Alimkumbuka Naetwe na ndoo yake ya tope. Akawaza, kama huyu ndege ndiye anayetukausha, leo nitamtazama usoni. Katazo la kikundi lilikuwa mtu asimsogelee ndege anayeimba. Alilivunja. Akashuka taratibu vichakani, akishika mizizi, akifuata sauti, mpaka ikawa mbele yake kabisa. Akafunua majani.

Alimkuta Bwana Mrutu amechuchumaa na spika ndogo mkononi. Kurumbiza alikuwa anaimba ndani ya spika.

Hapa yafaa nikueleze jambo. Watu wa ndege wana hila moja ya zamani. Ukimpigia ndege sauti ya mwenzake, hudhani ameingiliwa na mgeni kwenye eneo lake, naye hutoka na kujibu kwa ukali. Mradi ulikuwa umekataza hila hiyo, kwa sababu inamchosha ndege na kumtoa kwenye kiota. Kila mwanakikundi alilijua katazo hilo. Kumbe kila mmoja alilivunja kidogo, kwa siri, akijiambia kwamba ni yeye peke yake.

"Bwana Mrutu," alisema Mama Nakijwa. "Kumbe ni wewe."

Bwana Mrutu aliruka kama aliyefumaniwa. "Mama Nakijwa! Usinifikirie vibaya. Namwita tu. Mimi simwandiki anayeimba kwenye spika, namwandika anayenijibu. Sikiliza! Si huyo?"

Ng'ambo ya bonde kurumbiza alikuwa anajibu, vizuri kabisa.

Mama Nakijwa alitoa simu akampigia Ombeni. Sauti ile ya ng'ambo ikakatika ghafla.

"Ombeni mwanangu, ulikuwa unafanya nini hapo?"

Kijana akasema kwa aibu, "Shikamoo mama. Nisamehe, najua mmekataza. Nilikuwa namwita kurumbiza kwa simu. Lakini yupo, mama! Ananijibu tangu alfajiri, yuko upande wenu huko!"

Mama Nakijwa akakaa chini kwenye majani yaliyolowa. Kumbukumbu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kumfikia. Masika yaliyopita, na yeye alisimama peke yake pembeni mwa bonde lile lile akapiga sauti ya kurumbiza kwenye simu. Alijibiwa. Akalia kwa furaha. Alikuwa amemlilia nani? Huenda Ombeni. Huenda Bwana Mrutu. Na wao walimwandika nani siku ile, kama si yeye?

Nukta zote zile za kijani zilikuwa watu wazima wakiitana vichakani.

Akainuka, akawaita wote wa pande zote mbili. Akawaamuru wazime simu na spika, na namna alivyowaamuru hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Kisha wakakaa. Njiwa waliimba. Hondohondo walipita juu wakipiga mabawa. Kwa mbali misumeno ya kampuni ilianza kunguruma. Jua lilitoka, likapanda, likawafikia migongoni, na kurumbiza hakuimba.

"Hayupo," alisema Mama Nakijwa. "Na tutashuka tukaseme hayupo."

Hapo ndipo ungewaona watu. Mmoja alisema kukosekana siku moja si ushahidi. Mwingine alisema mradi utawafuta. Bwana Mrutu alikuwa amekunja uso.

"Mama, fikiri kidogo. Tumehojiwa redioni. Wageni wamekuja. Tukisema tulikuwa tunajibizana wenyewe kwa wenyewe, tutachekwa nchi nzima. Wajukuu zangu watachekwa shuleni."

"Wajukuu zako watakunywa nini huko shuleni?"

"Sisi hatukudanganya kwa makusudi."

"Mpaka asubuhi ya leo, hatukudanganya," alisema Mama Nakijwa kwa hasira. "Nimefanya kazi wodini miaka yangu yote, Bwana Mrutu. Muuguzi aliyekosea kipimo bila kujua tunamfundisha. Aliyejua kakosea akaacha mgonjwa ameze, huyo tunamwita jina lingine."

Wakashuka kimya kimya, na kwa ukimya ule Mama Nakijwa alidhani amewashawishi.

Mchana uwanja wa shule ulijaa. Wakubwa wa kampuni walikaa kivulini kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti wa kijiji alifungua mkutano, akamwita Bwana Mrutu aseme walichokipata. Bwana Mrutu akasimama, akaivuta fulana yake ikanyooka. Hakumtazama Mama Nakijwa.

"Ndugu wanakijiji," alisema, "leo asubuhi sauti ya kurumbiza imesikika Ikweni. Pande zote mbili za bonde."

Makofi yakapigwa kutoka kwenye viti vya plastiki.

Hebu lione neno hilo lilivyopikwa! Hakusema kurumbiza yupo. Alisema sauti imesikika. Mtu akishaanza kuchagua maneno yake namna hiyo, ujue ukweli anao mfukoni na hataki kuutoa.

Mama Nakijwa hakuomba ruhusa. Alikatiza uwanja mpaka mbele, akaingiza mkono kwenye mkoba wa Bwana Mrutu bila hodi, akatoa ile spika, akaiwasha, akaiinua juu.

Kurumbiza akaimba uwanjani. Sauti inapanda, inakatika, inapanda tena. Wazee ambao hawakuisikia tangu ujana wao walivua kofia. Watoto walitazama juu ya paa la shule kumtafuta.

"Msimtafute juu," alisema Mama Nakijwa. "Huyu hapa mkononi. Huyu ndiye kurumbiza mliyemnyooshea mikono mara mbili. Upande huu alipigwa na Bwana Mrutu, upande ule akajibiwa na Ombeni, na masika yaliyopita nilimpiga mimi. Tulikuwa tunaitana wenyewe, na kila mmoja akamwandika mwenzake. Leo tumezima tukasikiliza mpaka jua likatuchoma. Kurumbiza hayupo. Msitu wenu unaumwa, na sisi ndio tuliowaambia ni mzima. Nimesema."

Uwanja ukachafuka. Wengine walimzomea Bwana Mrutu, wengine wakamzomea hata Mama Nakijwa, na haki walikuwa nayo. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka. Akamgeukia Bwana Misitu.

"Mzee, wewe ndiye uliyetuambia kurumbiza ndiye daktari wa msitu. Sasa daktari kaondoka. Unasemaje?"

Kila mtu alijua jibu litakuwa lipi. Kama akiwepo msitu ni mzima, basi asipokuwepo misumeno inyamaze. Hata mtoto wa chekechea angefika hapo.

Bwana Misitu akasimama bila haraka, akatabasamu.

"Nawashukuru kwa ukweli wenu," alisema. "Na kwa kweli mmeturahisishia kazi. Kama kurumbiza hayupo, basi hakuna tena ndege wa kulindwa kule juu. Yamebaki magogo tu. Sioni kizuizi. Sehemu ile ikatwe."

Wale wa viti vya plastiki wakapiga makofi tena. Makofi yale yale, ya watu wale wale.

Mama Nakijwa alikuwa bado ameshika spika. Aliiweka mezani taratibu, maana alihisi akiendelea kuishika ataitupa usoni mwa mtu.

"Bwana Misitu," alisema. "Alipokuwepo, ulikata kwa sababu yupo. Leo hayupo, unakata kwa sababu hayupo. Tafadhali tufundishe sisi watu wa milimani: huyo ndege angekaa wapi ndipo wewe usikate?"

Bwana Misitu alifungua kinywa. Akatazama wakubwa wa kampuni, nao wakatazama viatu vyao. Akakaa.

Mwenyekiti alisafisha koo. "Wanaokubali kampuni ipewe sehemu ya juu, wanyooshe mikono."

Naetwe aliikalia mikono yake yote miwili. Wazee walishika fimbo zao. Uwanja mzima haukunyooka hata mkono mmoja.

"Wanaokataa?"

Mikono ikapaa. Bwana Mrutu naye aliunyoosha wake, baada ya wote, kichwa chini. Wapo waliomsifu kwa hilo. Mimi simsifu. Alikuwa na asubuhi nzima ya kuunyoosha mkono ule, akangoja mpaka ukawa hauna gharama.

Kampuni iliondoa misumeno yake wiki iliyofuata. Chemchemi bado inatoka, kidogo, na foleni ya ndoo bado ni ndefu. Mti haukui kwa hasira za watu, unakua kwa miaka yake.

Jioni ile Mama Nakijwa aliandikia mradi kueleza yote, na kikundi kikaomba nukta zote za kurumbiza zifutwe kwenye mraba wa Mbaghai. Kesho yake alipigiwa simu na binti mmoja wa makao makuu, mpole, aliyechanganyikiwa.

"Mama, samahani. Nimefuta kama mlivyoomba, lakini lazima nijaze sehemu moja. Kurumbiza alitoweka lini?"

Mama Nakijwa aligeuka akautazama msitu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Siku anaimba mara ya mwisho, sisi tulikuwa tunapiga sauti yake."

Funzo: Ukisikia jibu ulilokuwa unalitamani, nyamaza kwanza ujue kama si sauti yako mwenyewe inayokurudia, maana mwenye msumeno hahitaji uwe mwongo, anahitaji tu upendezwe na sauti yako mpaka usisikie mti unavyoanguka.